Maswali ya Lugha: Neno "Late", kati ya Aliyechelewa na Marehemu

Katika toleo lililopita nilijibu kwa sentensi mbili tu swali la mwanafunzi aliyetaka kujua tofauti ya "late" na "lately" katika Kiingereza: neno la kwanza hueleza jambo lililochelewa, na la pili humaanisha siku hizi za karibuni. Sikutarajia kwamba jibu fupi namna hiyo lingeleta barua nyingi kiasi hiki, na nyingi kati ya hizo hazikuwa na habari ya saa wala ratiba, bali zilihusu misiba, mirathi, historia, na hata shamba la nyanya. Nimechagua chache, na kwa kuwa ya kwanza ilinigusa kuliko zote, nimeipa nafasi kubwa zaidi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninafanya kazi ya uuguzi nchini Uingereza. Mwezi Machi nilifiwa na baba yangu mzazi. Niliporudi kazini baada ya mazishi, msimamizi wa wodi aliniuliza habari za nyumbani, nami nikamjibu, "My father is late." Akaniuliza kwa upole kwamba alitarajiwa kufika saa ngapi. Nilishindwa kusema neno, nikaondoka nikaenda kulia. Je, nilikosea mimi, au yeye ndiye aliyeshindwa kunielewa? (Muuguzi, Birmingham)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na awape subira ninyi mliobaki.

Ulisema Kiingereza cha kwetu mbele ya mtu asiyekijua, basi. Kuanzia Kampala na Nairobi mpaka Gaborone na Johannesburg, mtu akisema "he is late" kwa sauti ya huzuni, wanaomsikiliza huelewa kwamba anayetajwa amefariki, na hutoa pole papo hapo. Matumizi hayo yamekita mizizi katika Kiingereza cha Afrika Mashariki na Kusini, na mimi sikubali kuyaita ujinga. Hata hivyo Waingereza hawasemi hivyo. Kwao kivumishi hiki hubeba maana ya kifo pale tu kinapotangulia nomino, kama katika "my late father" au "her late husband". Kikihamia nyuma ya kitenzi, kama ulivyokiweka wewe, hurudi mara moja kwenye maana ya saa, na "my father is late" huwa ni habari ya mzee aliyekawia njiani. Msimamizi wako alisikia hilo na si jingine. Hakukudharau, ingawa maumivu uliyoyapata ni ya kweli.

Inafaa tujue jinsi neno moja lilivyobeba mambo mawili yaliyo mbali hivi. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa na maana ya mtu au kitu kizito cha mwendo, cha polepole. Ndugu yake katika Kiswidi, "lat", mpaka leo humaanisha mvivu. Kutoka uzito wa mwendo likahamia kwenye kuchelewa, na kutoka kuchelewa likahamia kwenye kile kilichotokea karibuni. Kufikia karne ya 15 Waingereza walikuwa wameanza kumwita mtu aliyefariki si zamani sana "late", kwa maana ya yule aliyekuwapo karibuni tu, ambaye kiti chake bado hakijapoa. Ukilitazama vizuri utaona kwamba neno lenyewe halitaji kifo. Linahesabu tu muda uliopita tangu mtu alipokuwa nasi.

Neno letu lina njia nyingine kabisa. "Marehemu" limetoka Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa rehema na majina kama Rehema na Rahma, na maana yake ni mtu aliyerehemiwa. Kila tunapolitamka tunamwombea yule tunayemtaja, hata kama hatukukusudia dua. Ndiyo sababu unaweza kusema "baba yangu ni marehemu", "marehemu baba yangu" au "marehemu alipenda watoto", na neno lisipoteze maana yake popote unapoliweka, ilhali mwenzake wa Kiingereza akiondolewa mahali pake hugeuka kuwa habari ya basi lililokawia. Ulipomjibu msimamizi wako ulikuwa umebeba neno la dua moyoni, na ulimini ukachukua neno la saa.

Siku nyingine sema kwa sentensi nyepesi: "My father died in March," au kwa upole zaidi, "My father passed away in March." Unaweza pia kusema "I lost my father," nao watajua kwamba umefiwa. Waswahili huona kitenzi cha "died" ni kikavu mno kwa kutajia mzazi, na ninaelewa, maana kwetu hata mzee wa jirani hatusemi "amekufa" bali amefariki, ametutoka, au amekwenda mbele ya haki. Kwa Kiingereza kitenzi hicho si kikali namna hiyo. Watoto wanaowalilia wazazi wao hukitumia bila kuvunja heshima.

Nikiwa hapo, niguse makosa mawili ninayoyasoma kila wiki katika matangazo ya tanzia na katika hotuba za mazishini. La kwanza ni "the late my father". Kiingereza hakiruhusu "the" na "my" vikae pamoja mbele ya nomino moja, kwa hiyo chagua "my late father", au taja jina lake likitanguliwa na "the late". La pili ni kulisimamisha neno peke yake, kwa mfano "The late was a generous man." Sentensi hiyo ni Kiswahili kilichovishwa maneno ya Kiingereza, kwa kuwa sisi husema "marehemu alikuwa mkarimu". Kwa Kiingereza sanifu kivumishi hiki hakisimami bila nomino. Tumia "the deceased" ikiwa ni hati ya kisheria, lakini katika hotuba litaje jina lake. Mtu aliyelala mbele yenu ana jina, na jamaa zake wanatamani kulisikia.

SWALI: Katika gazeti rasmi la serikali ya Kenya nimesoma matangazo ya mirathi yanayotaja mali ya mtu fulani "late of Kilifi". Rafiki yangu anasema maana yake ni kwamba mtu huyo alifia Kilifi. Ni kweli? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Si kweli, na kosa hilo laweza kuwapoteza warithi. Katika lugha ya mahakama "late of" hutaja mahali ambapo marehemu alikuwa akiishi, yaani makazi yake ya mwisho yanayojulikana. Mahali alipofia hutajwa kando, mara nyingi katika sentensi ileile, kwa maneno "who died at", yakifuatwa na tarehe. Mtu anaweza kuwa "late of Kilifi" akawa amefia hospitalini Mombasa. Kwa Kiswahili andika "aliyekuwa mkazi wa Kilifi".

Msomaji wa nyaraka za zamani ajihadhari na jambo moja zaidi. Zamani neno hili lilitumika pia kwa mtu aliyeacha cheo au kazi, akiwa mzima wa afya. Mwandishi wa karne ya 19 akitaja "my late employer" huenda anamzungumzia tajiri aliyemwacha mwaka uliopita, na serikali iliyoondoka madarakani iliitwa "the late government" bila yeyote kufa. Kwa hiyo, ndugu zangu mnaosoma barua na ripoti za wakati wa ukoloni katika hifadhi za nyaraka, msimzike mtu kwa sababu ya kivumishi kimoja. Tafuteni kwanza tarehe ya kifo chake.

Mitego hiyo ipo pia upande wetu. Mama mmoja niliyewahi kumsaidia kujaza fomu za ubalozi alikuwa ameandika "aliyekuwa mume wangu", akimaanisha mume aliyemwacha kwa talaka, na mfasiri wa kwanza akaandika "my late husband". Mtu aliye hai akawa amefishwa, na mama akaandikwa mjane. Ilichukua barua kadhaa kurekebisha. Mume aliyeachana na mkewe ni "former husband" au "ex-husband". "Late husband" ni marehemu tu.

SWALI: Mwalimu wetu wa historia alitupa kifungu cha kufasiri chenye maneno "in the late 19th century". Mimi niliandika "katika karne ya 19 iliyochelewa", nikapata alama sifuri. Nilipaswa kuandika nini? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Morogoro)

JIBU: Ulipaswa kuandika "mwishoni mwa karne ya 19". Hapa neno halina habari ya kuchelewa hata kidogo. Likiambatana na kipindi cha wakati, humaanisha sehemu ya mwisho ya kipindi hicho. "The late 1960s" ni miaka ya mwisho ya muongo huo, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 limo ndani yake. Mtu aliye "in her late twenties" ana umri unaokaribia miaka 30, tuseme 27, 28 au 29. Na ndiyo sababu kipindi kinachoitwa "Late Stone Age" kimeandikwa katika vitabu vyenu vya Kiswahili kuwa Zama za Mwisho za Mawe.

Wapenzi wa soka mnalijua hili bila kufundishwa. Tarehe 26 Mei 1999, katika uwanja wa Camp Nou mjini Barcelona, Manchester United walikuwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Bayern Munich mpaka dakika 90 zikaisha, kisha Teddy Sheringham na Ole Gunnar Solskjær wakafunga mabao mawili katika muda wa nyongeza. Kwa Kiingereza hayo ni "late goals". Watangazaji wetu wa redio hawakuyaita mabao yaliyochelewa, wala hawatayaita hivyo kamwe, kwa kuwa wanayo maneno yao matamu, "dakika za lala salama", ambayo hayakufasiriwa kutoka popote. Mfasiri mzuri hufanya kama mtangazaji: hutafuta jinsi Waswahili wanavyolisema jambo lenyewe, akaliacha neno la kigeni likae kwao.

SWALI: Mimi ni mkulima wa nyanya na viazi huku Lushoto. Kijana wangu anasoma vipeperushi vya Kiingereza na ananiambia kwamba ugonjwa wa "late blight" huja mwishoni mwa msimu, hivyo hakuna haja ya kuanza kukagua shamba mapema. Nami naona majani yakiungua miche ikiwa bado michanga. Nani yuko sahihi? (Mkulima, Lushoto)

JIBU: Macho yako ndiyo sahihi, mzee wangu, na nakuomba uyaamini kuliko kivumishi. Mabwana shamba wetu huuita ugonjwa huo bakajani chelewa, na mwenzake, "early blight", huitwa bakajani tangulia. Majina hayo yamefasiriwa neno kwa neno, na yalibuniwa na watu wa nchi za baridi ambako ugonjwa wa kwanza ulizoeleka kuonekana baadaye katika msimu kuliko wa pili. Hayana amri juu ya milima ya Usambara. Kinachouleta bakajani chelewa ni ubaridi na unyevunyevu, umande mzito, ukungu na mvua za mfululizo, na hali hiyo ikiwapo ugonjwa hushambulia mmea wa umri wowote, na waweza kumaliza shamba katika siku chache. Kimelea chake, Phytophthora infestans, ndicho kilichoozesha viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, kikaleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja.

Mwambie kijana aanze kukagua majani tangu kitaluni, hasa upande wa chini, na amwone bwana shamba mapema kuhusu dawa. Nimelijibu swali hili katika safu ya lugha kwa sababu sijapata kuona mahali pengine ambapo tafsiri ya neno moja inaweza kumgharimu mtu mavuno yake yote.

SWALI: Ninafanya kazi ya tafsiri mjini Muscat na kila siku najikwaa kwenye "later", "latter", "latest" na "last". Je, yote ni maneno ya asili moja? Na "latent" limo katika ukoo huo? (Mfasiri, Oman)

JIBU: Manne ya kwanza ni ndugu wa tumbo moja, lakini kila mmoja amekwisha kujenga nyumba yake. "Later", lenye t moja, ni baadaye. "Latter", lenye t mbili, ni lile la pili kati ya mawili yaliyotajwa: ukiandika juu ya Mombasa na Lamu, kisha ukasema "the latter", umesema Lamu. "Latest" ni la karibuni kabisa, ambalo huenda likafuatwa na jingine, na "last" ni la mwisho, ingawa Kiingereza nacho hulitumia pia kwa lililopita, kama katika "last week".

Ugumu hapa uko zaidi katika Kiswahili chetu kuliko katika Kiingereza chao, kwa kuwa sisi husema "kitabu chake cha mwisho" kwa maana zote mbili. Mwandishi akiwa hai na kalamu yake ikiwa mkononi, mwandikie "your latest book", na kwa Kiswahili useme "kitabu chako cha karibuni"; ukimwandikia "your last book" anaweza kudhani unamwaga kazini. Katika mikataba utakutana na "by 30 June at the latest". Usiandike "tarehe 30 Juni ya mwisho", andika "si zaidi ya tarehe 30 Juni" au "kabla ya tarehe 30 Juni kwisha". Nimeona wengine wakiandika "kabla ya tarehe 30 Juni" tu, na hapo siku moja nzima ya mteja imepotea.

"Latent" si wa ukoo huo. Limetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kujificha, ndiyo maana "latent tuberculosis" ni kifua kikuu kilichojificha mwilini bila kuonyesha dalili. Si kifua kikuu kilichochelewa.

SWALI: Mtu huendelea kuitwa "the late" kwa muda gani baada ya kufariki? Na kwa nini sisi tunao "marehemu" na "hayati", hali Waingereza wana neno moja? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Hakuna miaka iliyowekwa na sheria. Waandishi wa Kiingereza hulitumia neno hili kwa mtu ambaye kifo chake bado ni cha karibuni katika kumbukumbu ya wasomaji, au pale ambapo msomaji huenda hajui kwamba amefariki. Kwa hiyo hakuna anayeandika "the late William Shakespeare", kwa kuwa alifariki mwaka 1616 na kila mtu anajua. Mzee Jomo Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, na katika kitabu cha historia cha leo neno hilo mbele ya jina lake halina kazi kubwa. Mjane, kwa upande wake, ana haki ya kusema "my late husband" mpaka siku zake za mwisho, hata ikipita miaka 50. Ni mume wake, na yeye ndiye mwenye kumbukumbu.

Kiswahili hakihesabu muda namna hiyo. Mwalimu Julius Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na bado tunaandika "Hayati Mwalimu Nyerere", na sidhani kama tutaacha. Neno hayati limetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya uhai, na wako wanazuoni wanaoona ni ajabu kulitumia kwa aliyefariki. Mimi naona matumizi yamekwisha kukaa, na hayana ubaya: tunamtaja aliyekufa kwa neno la uhai kwa kuwa kazi yake bado inaishi kati yetu. Ninalolipinga ni ile desturi ya baadhi ya wahariri ya kuligawa neno kwa vyeo, hayati kwa wakubwa na marehemu kwa wavuvi na wakulima. Bibi aliyelea wajukuu tisa na akazikwa na kijiji kizima anastahili neno lolote kati ya hayo mawili, na ukitaka neno lisilotoka ughaibuni lipo "mwendazake", lililotokana na kwenda zake.

Unapofasiri kwenda Kiingereza, jihadhari na jambo hili: sisi tunaweza kuandika "Hayati Mwalimu alitangaza Azimio la Arusha", na kila mtu akaelewa kwamba alilitangaza enzi za uhai wake. Wahariri wengi wa Kiingereza huyakataa maneno kama "the late President announced" wakisema kwamba alipotangaza alikuwa hai. Andika "President Nyerere announced", na habari ya kufariki kwake uitaje mahali pake.

SWALI: Je, "I slept late" ni "nililala nikiwa nimechelewa"? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Kwa kawaida ni kinyume chake: mtu alichelewa kuamka. Aliyechelewa kwenda kulala husema "I went to bed late". Kwetu kuchelewa kumetokana na kucha, yaani kupambazuka, na aliyechelewa kwa asili ni yule ambaye kumekucha na bado hajaondoka. Basi "I slept late" ndiyo maana yenyewe ya kale ya kitenzi chetu, na kwa Kiswahili utasema tu, "Kulinikucha kitandani."